Mpiga kura wa kawaida Ufilipino: kuanzia kujiandikisha mpaka wino kidoleni, mambo yanaendaje?

Barazani:

Habari za jioni wakuu. Naomba kueleweshwa na wanaoujua uchaguzi wa Ufilipino kwa undani, ila kwa upande wa mpiga kura, si wa wanasiasa. Habari nyingi zinazotufikia ni za nani kashinda na nani mtoto wa nani. Mimi nataka kumjua huyu mwananchi anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kupanga foleni: anatakiwa awe na nini, anafanya nini hatua kwa hatua, karatasi yake ya kura ina nini, na mambo huharibikia wapi.

Yanayonitatiza zaidi ni haya. Nasikia kura inasomwa na mashine, mpiga kura anapewa risiti, kisha haruhusiwi kuondoka nayo. Sasa risiti ya nini? Nasikia pia mtu mmoja anachagua maseneta 12 kwa mkupuo, anawakumbukaje? Mashine ikiikataa karatasi yako, kura imepotea au unapewa nyingine? Na aliyejiandikisha kijijini kwao huku anafanya kazi Manila, anapigia wapi?

Karani wa Zamu:

Mkuu Barazani, nianze na lile la mwisho kwa sababu ndilo linalowanyima wengi kura kabla hata siku haijafika. Ufilipino unapiga kura pale ulipojiandikisha, basi. Sharti ni uwe raia wa miaka 18, uwe umeishi nchini angalau mwaka 1 na mahali unapopigia kura angalau miezi 6. Aliyehamia Manila kikazi ana njia mbili tu: aombe kuhamisha uandikishaji wake mapema, au apande basi au meli arudi kwao. Siku ya uchaguzi hutangazwa kuwa mapumziko, lakini mtu wa kisiwa cha mbali siku moja haimtoshi kwenda na kurudi. Upo utaratibu wa kupiga kura mapema ukiwa nje ya eneo lako, ila ni wa wanajeshi, polisi, watumishi wa serikali na waandishi wa habari walio kazini siku hiyo. Tena hao huchagua nafasi za kitaifa tu. Muuza duka na fundi ujenzi hawamo.

Kujiandikisha unakwenda ofisi ya msimamizi wa uchaguzi wa mji au wilaya yako, chini ya Tume ya Uchaguzi, COMELEC. Unabeba kitambulisho chenye picha na sahihi. Barua ya barangay, yaani serikali ya mtaa, haikubaliwi kama kitambulisho. Unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole na sahihi ya kielektroniki. Tangu sheria ya 2013, asiye na alama hizo kwenye kumbukumbu anazimwa kwenye daftari. Maombi yanapitiwa na bodi inayokaa kila robo mwaka, kwa hiyo ile stakabadhi unayopewa siku ya kwanza si uthibitisho kwamba umeshakuwa mpiga kura.

Shika mambo mawili ya tarehe. La kwanza, uandikishaji hufungwa mapema sana. Sheria inakataza kuandikisha ndani ya siku 120 kabla ya uchaguzi, na tume huweza kufunga hata kabla ya hapo. Kwa uchaguzi wa Mei 12, 2025 dirisha lilifungwa Septemba 30, 2024. La pili, ukikosa kupiga kura katika chaguzi mbili za kawaida mfululizo, jina lako linazimwa. Hupewi adhabu nyingine, lakini lazima uombe kurudishwa, na maombi hayo nayo yanafuata tarehe hizohizo. Kuna watu hufika shuleni asubuhi ya uchaguzi na kitambulisho safi mkononi, wanakuta jina halimo. Siku hiyo hakuna mwalimu wala afisa anayeweza kumrudisha mtu kwenye daftari.

Sasa siku yenyewe. Uchaguzi wa kitaifa ni Jumatatu ya pili ya Mei kila miaka 3, na wa rais kila miaka 6. Mwaka 2022 vituo vilifunguliwa saa 12 asubuhi. Mwaka 2025 vilifunguliwa saa 1, ila wazee, wenye ulemavu na wajawazito waliruhusiwa kuanza saa 11 alfajiri. Kufunga ni saa 1 jioni. Vituo karibu vyote ni shule za serikali na wasimamizi ni walimu, watatu kwa kila chumba.

Mtiririko ni huu. Kwanza unatafuta chumba chako. Unahitaji namba ya kituo na namba yako ya mfuatano kwenye orodha. Zote mbili unaweza kuzipata mapema kwenye tovuti ya tume, au langoni kwenye meza ya msaada, au kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Vituo kadhaa vidogo huunganishwa vikatumia chumba kimoja na mashine moja, hivyo chumba kimoja huweza kuhudumia watu 800 au zaidi. Hapo ndipo foleni inapozaliwa. Anayefika bila namba husimama foleni moja ya kuuliza, halafu nyingine ya kupiga kura.

Ukiingia unataja jina na namba zako. Karani anakutafuta kwenye orodha yenye picha, anakagua vidole kama vina wino, unatia sahihi. Kitambulisho si lazima ikiwa utambulisho wako hauna shaka, ila yeyote kati ya mawakala anaweza kukupinga, kwa hiyo beba. Mwanamke aliyejiandikisha kabla ya ndoa ajitafute kwa jina la kwao, maana daftari halijibadilishi lenyewe.

Kisha unapewa karatasi ya kura, folda ya kuificha na kalamu ya wino mzito. Unakaa, unajaza, unaipeleka mwenyewe kwenye mashine, unasubiri risiti, unaisoma, unaitumbukiza kwenye sanduku lake, unarudisha folda na kalamu, unapakwa wino kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mwisho unaondoka eneo la kituo.

Kuhusu wasiojua kusoma na wenye ulemavu: wanaruhusiwa kusaidiwa na ndugu wa karibu, na mtu wa nyumbani mwao wanayemwamini, au na mmoja wa walimu wasimamizi. Msaidizi asiye msimamizi haruhusiwi kusaidia zaidi ya watu watatu. Kikomo hicho kimewekwa kwa makusudi, ili kikundi cha mgombea kisigeuke "wasaidizi" wa mtaa mzima.

Nyota ya Kusi:

Naongezea kuhusu karatasi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowatisha wageni.

Katika mwaka wa uchaguzi wa rais, mpiga kura mmoja anachagua: rais (1), makamu wa rais (1), maseneta (mpaka 12), mbunge wa jimbo (1), chama kwenye orodha ya vyama (1), gavana, makamu wa gavana, wajumbe wa baraza la mkoa, meya, makamu wa meya na madiwani. Yote kwenye karatasi moja, pande mbili, kikao kimoja. Miji mikubwa inayojitegemea, kama Cebu City na Davao City, haichagui gavana kwa sababu haiko chini ya mkoa.

Rais na makamu wanachaguliwa kila mmoja peke yake. Mwaka 2016 Rodrigo Duterte alishinda urais na Leni Robredo wa chama kingine akashinda umakamu. Hakuna duru ya pili: anayeongoza kashinda, hata akiwa na robo ya kura. Fidel Ramos mwaka 1992 aliingia kwa takriban asilimia 24. Mpiga kura wa Ufilipino anajua kwamba hana nafasi ya kwanza "kupima upepo" na ya pili kuamua. Ana siku moja tu.

Seneti ina watu 24, nusu yao huchaguliwa kila miaka 3, na nchi nzima ni jimbo moja. Mwaka 2025 karatasi ilikuwa na majina 66 ya useneta. Hakuna anayeyakumbuka kichwani, na hatakiwi. Watu huandika karatasi ndogo nyumbani, wanaiita kodigo, yenye majina na namba za wagombea kama zilivyo kwenye karatasi ya kura. Kuingia nayo ni halali kabisa. Kilicho marufuku ni kugawa vikaratasi vya mgombea ndani au jirani na kituo. Ushauri wangu kwa yeyote anayemsaidia mzazi kuandaa kodigo: andika jina NA namba. Majina yamepangwa kwa ukoo, na wagombea wa ukoo mmoja hufuatana. Macho yakiruka mstari mmoja umempa kura ndugu au mtu wa jina linalofanana. Tume huwaondoa wagombea wanaosimama ili kuwachanganya watu tu, lakini wengine huishia kwenye karatasi kwa kuwa kesi zao huchelewa.

Kingine: si lazima ufikishe 12. Ukichagua wawili au sita ni sawa. Wengine hufanya hivyo kwa hesabu, kwa kuwa kila jina la ziada unaloweka ni mpinzani wa yule unayemtaka kweli. Kinachoharibu ni kuzidisha. Ukijaza 13, kura zako zote za useneta zinabatilika, si yule wa 13 peke yake. Nafasi nyingine kwenye karatasi hiyohiyo zinabaki salama.

Nafasi inayosahaulika kuliko zote ni orodha ya vyama. Iko nyuma ya karatasi, peke yake, na mwaka 2025 ilikuwa na vikundi zaidi ya 150. Mpangilio wake si wa alfabeti bali wa bahati nasibu iliyochezeshwa na tume, kwa hiyo kutafuta kwa herufi hakusaidii. Lazima ujue namba. Unachagua kimoja tu. Asilimia 20 ya viti vya Bunge la chini hutoka humo. Chama kinachofikisha asilimia 2 ya kura hizo kina uhakika wa kiti, na hakuna chama kinachopata zaidi ya vitatu. Mpiga kura asiyegeuza karatasi amejiondoa mwenyewe katika sehemu hiyo, na inasikitisha, kwa sababu iliwekwa ili makundi yasiyo na sauti majimboni yafike bungeni.

Barazani:

Ahsanteni sana, mmenifungua. Sasa turudi kwenye mashine. Inakataa kwa sababu gani hasa?

Tumbatu77:

Hapa ndipo penye kazi. Kura imekuwa ya mashine nchi nzima tangu 2010. Kabla ya hapo mtu aliandika majina kwa mkono na hesabu ilichukua wiki. Mashine zimebadilika. Za Smartmatic zilitumika 2010 mpaka 2022, na 2025 zikaja za kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Kwa mpiga kura tendo ni lilelile: kila jina lina kiduara cha yai pembeni, unakijaza wino, mashine inapiga picha karatasi na kusoma viduara.

Tuangalie kiduara kwa karibu, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Kijaze chote, kwa kalamu uliyopewa kituoni. Tiki, msalaba au nukta vinaweza kuwa chini ya kiwango ambacho mashine inakihesabu kuwa alama. Usibonyeze mpaka wino upenye upande wa pili; wabunifu wa karatasi hupanga viduara vya mbele na nyuma visikutane, lakini doa kubwa halijali mpango. Ukimaliza, acha wino ukauke kidogo kabla ya kufunga folda. Wino mbichi unaweza kuhamia kwenye jina jingine, au ukapaka kioo cha kusomea. Kioo kikishakuwa na mstari wa wino, karatasi za waliofuata ndizo zinazokataliwa, na wao hawajakosea chochote. Ndiyo maana mashine husafishwa katikati ya siku, na chumba kinachosahau kufanya hivyo huona foleni ikirefuka mchana.

Karatasi hukataliwa kwa sababu kadhaa. Imeingia upande: itoe, inyooshe, ingiza tena, inasomeka kwa pande zote nne, mbele au nyuma. Ni ya kituo kingine: kila karatasi ina alama yake ya kituo, na mashine ya chumba cha jirani haiitambui. Imechanika, imekunjwa au imelowa jasho pembeni. Mei ni mwezi wa joto kali kule na madarasa mengi yana feni tu. Au imekwisha kusomwa tayari.

Swali lako la kama unapewa nyingine: inategemea kosa ni la nani. Ikikataliwa bila kosa lako, walimu wanaweza kukupa karatasi ya pili, mara moja tu. Ukiwa umeiharibu mwenyewe, kwa kuichana, kuichora au kuitia doa kwenye alama za pembeni, hupewi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kura usiandike chochote nje ya viduara, hata herufi moja. Kujaza kiduara cha mtu usiyemtaka si "kosa la mashine" pia. Hakuna kufuta.

Mashine ikifa kabisa, upigaji kura hausimami. Mwaka 2022 mashine takriban 1,800 zilipata hitilafu, nyingi za karatasi kukwama, kati ya zaidi ya 106,000. Mpiga kura alipewa chaguo: asubiri mashine itengenezwe, au aache karatasi yake iliyojazwa kwa walimu waje kuiingiza baadaye mbele ya mawakala. Maoni yangu: kama una uwezo wa kusubiri, subiri. Ukiiacha karatasi, huioni ikiingia wala risiti yako huisomi, na hiyo ndiyo nafasi pekee uliyonayo ya kuhakiki.

Shunie wa Baraza:

Kuhusu risiti: zilianza kutolewa 2016 baada ya Mahakama ya Juu kuiamuru tume iwashe kipengele hicho ambacho tayari kilikuwamo kwenye mashine. Inaorodhesha majina yote uliyochagua. Kazi yake ni moja, kukuwezesha kuona kwamba mashine imesoma ulichojaza. Ukiona jina ambalo hukulijaza, usiondoke. Waambie walimu palepale. Pingamizi lako linaandikwa kwenye kumbukumbu za kituo na risiti inahifadhiwa nayo.

Huruhusiwi kutoka nayo, wala kuipiga picha, wala kupiga picha karatasi ya kura, kwa sababu ya ununuzi wa kura. Ununuzi ni tatizo la kweli kule: bahasha za pesa, mchele, ahadi ya ajira. Mnunuzi anachokosa ni uthibitisho. Risiti ikitoka nje ya mlango, uthibitisho umepatikana na soko limekamilika. Kuuza na kununua vyote ni makosa, kifungo cha mwaka 1 mpaka 6, pamoja na kupoteza haki ya kupiga kura. Masikini aliyepokea bahasha bado anaweza kumchagua amtakaye bila mtu kujua, na sanduku lile la risiti ndilo linalomlinda. Ndiyo sababu nasema wanaodai risiti ziruhusiwe kwenda nyumbani "kwa uwazi" hawajamfikiria mtu huyo.

Pia, pombe ni marufuku kuuzwa wala kunywewa hadharani siku ya uchaguzi na siku moja kabla, na kampeni zote husimama siku hizo mbili.

Barazani:

Na saa ya kufunga ikifika watu wangali kwenye foleni? Halafu kura zinakwenda wapi?

Karani wa Zamu:

Saa 1 jioni karani anaorodhesha majina ya wote walio ndani ya mita 30 kutoka kituoni na hawajapiga. Hao wataitwa kwa zamu mpaka waishe. Ukiitwa mara tatu haupo, umepoteza nafasi, kwa hiyo usiende kutafuta chakula ukishaandikwa.

Baada ya hapo mashine inafungwa na kuchapisha matokeo ya chumba kile. Asubuhi kabla ya kura ya kwanza ilichapisha ripoti ya sifuri kuonyesha haina kitu ndani, na mawakala walitia sahihi. Nakala za kwanza za matokeo huchapishwa KABLA mashine haijaunganishwa kutuma chochote. Mpangilio huu una maana kubwa: mawakala wanakuwa na karatasi mkononi ya kulinganisha na kitakachotokea kwenye kompyuta za juu. Nakala moja hubandikwa mahali pa wazi, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Mwaka 2025 mashine zilituma moja kwa moja kwenye seva tano kwa pamoja, zikiwemo za vyama vikubwa, vyombo vya habari na waangalizi wa kiraia. Kundi la kanisa la PPCRV hukusanya nakala za karatasi kutoka vituoni na kuzilinganisha na zilizotumwa.

Majumuisho rasmi hupanda kutoka mji kwenda mkoa kwenda taifa. Maseneta na orodha ya vyama hujumlishwa na COMELEC yenyewe. Rais na makamu hujumlishwa na Bunge. Ndiyo maana mwaka 2022 kura zilipigwa Mei 9 na Ferdinand Marcos Jr. akatangazwa rasmi Mei 25, ingawa mwelekeo ulijulikana usiku uleule.

Tumbatu77:

Nimalizie kwa nini karatasi ni muhimu hata baada ya mashine kusoma. Baada ya kusomwa hudondoka kwenye sanduku lililo chini ya mashine na kutunzwa. Mwaka 2016 Robredo alimshinda Marcos Jr. kwenye umakamu kwa kura 263,473. Marcos akapinga, na Mahakama ya Juu ikafungua masanduku ya mikoa mitatu iliyochaguliwa na mlalamikaji mwenyewe, karatasi moja moja. Tofauti ikaongezeka mpaka 278,566, na kesi ikatupwa Februari 2021. Katika hesabu ile ya mkono wanaoangalia ni binadamu, na wanachoangalia ni kilekile kiduara. Kikiwa kimejazwa vizuri hakina ubishi. Kikiwa nusunusu, mawakala wa pande mbili watakigombania.

Kwa aliye nje ya nchi utaratibu ni mwingine: anajiandikisha ubalozini, ana siku 30 za kupiga kura, na anachagua nafasi za kitaifa pekee. Mwaka 2025 balozi nyingi zilitumia intaneti kwa mara ya kwanza, na huko ilikuwa lazima mtu ajisajili kwanza kwenye mfumo ndipo aweze kupiga kura.